Ngemo ya Darasa la Historia

Vijana wangu wa idara, siku mliponisaidia kutoa vyombo kwenye nyumba ya shule nilipostaafu, mliniomba niwaandikie mambo ya zamani. Nimekubali, ila msitarajie habari za vyeo. Vyeo vyangu vimo kwenye faili, na anayekosa usingizi akavisome huko. Mimi nataka kuwaeleza jinsi idara yenu ilivyoponea chupuchupu kufutwa, na kwa nini chumba chetu, kile cha juu ya bustani ya kabichi, kina benchi nyuma ambalo hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kulikalia. Najua mmekuwa mkidhani ni ukali wangu tu.

Nilianza kazi wakati bendera yetu bado inanukia upya. Kwetu ni Gare, kwa hiyo milima haikunitisha. Kilichonitisha ni kidato cha tatu, vijana warefu kuliko mimi, wakiniangalia kama wanaosubiri mwalimu mwenyewe aingie. Asubuhi ile mkuu wa shule alinitembeza kila mahali. Akanionyesha maabara, akanionyesha zizi la ng'ombe, akanionyesha mpaka tangi la maji. Nikamuuliza darasa langu liko wapi.

"Mwalimu Felista," akasema, "historia haina chumba. Ina kona."

Kona yenyewe ilikuwa ndani ya stoo ya majembe. Mipini ilining'inia juu ya vichwa vyetu, na mwanafunzi akisimama ghafla kujibu swali alijuta. Vifaa vyangu vilikuwa sanduku la chaki, ramani ya ukutani iliyobandikwa kwenye kitambaa, na vitabu vya kutoka ng'ambo. Kwa vitabu vile niliwajua wafalme wa watu na wake zao wote kwa majina, lakini habari za milima niliyozaliwa sikuziona hata ukurasa mmoja.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Shekiondo, mkuu wa idara, mtu wa Lukozi, mpole, kofia yake safi siku zote. Alikuwa akisikiliza ameinamisha kichwa, ukadhani amesinzia, kisha anakurudishia maneno yako jinsi ulivyoyasema na unayaonea aibu mwenyewe. Alinifundisha kazi kwa masharti mawili. La kwanza, usifundishe jambo la zamani mpaka umemsikia aliyeamuru na aliyeamriwa. La pili, salamu usizifupishe. Alikuwa anawatuma wanafunzi likizoni wakaulize wazee wao, na akirudi mtoto na majibu ya haraka haraka, Shekiondo anamuuliza, "Ulikaa? Ulishika kazi aliyokuwa anaifanya? Ulisubiri?" Kama hakusubiri, anarudishwa. Wengine walirudishwa mpaka wazazi wakaja kulalamika, na wazazi nao wakakalishwa wakaulizwa habari za babu zao. Nilimpenda sana mzee yule. Alipostaafu akaniachia idara nzima, yaani kona na mimi.

Azimio la Arusha lilipokuja, na Elimu ya Kujitegemea nyuma yake, shule nzima ilishika jembe. Sisemi vibaya, tulilima na tukala jasho letu. Tena majembe yalipokwenda shamba, darasa la historia lilipata nafasi ya kunyoosha shingo. Lakini upepo ule ule ulituletea mkaguzi kutoka juu, mtu mnadhifu, mwenye sauti ya upole iliyoniudhi zaidi kuliko kelele. Aliinama akaingia stoo, akatazama ubaoni, akatazama wanafunzi.

"Mwalimu, hawa wakimaliza watafanya nini?"

"Wataishi na watu, mheshimiwa."

"Taifa linataka mabwana shamba, wauguzi, mafundi. Historia na fasihi ni starehe ya nchi zilizoshiba."

Moto ukanipanda. "Nchi yenye njaa," nikamwambia, "ndiyo yenye haja zaidi ya kumjua aliyeidanganya mara ya mwisho."

Mkaguzi hakukasirika, na hilo lilinitisha. Alisema tu kwamba atarudi masika yakiisha. Kama hatakuwa ameona kwa macho yake historia inamsaidia nini mwananchi wa kijijini, mchepuo wetu utafungwa na wanafunzi wote watahamia kilimo. Alipotoka, Hadija akanyoosha mkono. Hadija alikuwa msichana wa kijiji cha Kwemtindi, bonde la pili kutoka shuleni, mwenye maswali mengi kuliko majibu yangu.

"Mwalimu, tutaacha?"

"Hatuachi," nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa, maana nilikuwa naogopa sana.

Sasa huko Kwemtindi nako kulikuwa na balaa lake. Kijiji kilikuwa kimeunganisha mashamba ya mteremkoni, mengi yakiwa ya akina mama, yakawa shamba moja la ujamaa. Masika yaliyopita mvua ilishuka na udongo, mahindi yakaenda bondeni yakiwa na mizizi yake. Bwana shamba wa eneo lile, Ramadhani, kijana aliyetoka chuo na ari tele, akasema dawa ni matuta ya kukinga mteremko. Alikuwa na pimamaji ya miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, yenye kamba na jiwe katikati, na alijua kuitumia. Kila alichosema kuhusu udongo kilikuwa kweli, na mpaka leo ni kweli.

Mkutano ulifanyika. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Singano, akauliza nani anakubali, mikono yote ikaenda juu. Siku ya kazi Ramadhani akapanda kilimani asubuhi, akapuliza filimbi. Walitokea mwenyekiti, mabalozi wake wa nyumba kumi, na mbuzi wa jirani. Akapuliza tena wiki iliyofuata, safari hii mbuzi naye hakuja. Mwisho shule ikaombwa itoe wanafunzi, tukachimba matuta kidogo pale juu. Wanakijiji walipita njiani na mizigo yao, wakatusalimu vizuri sana, wakaenda zao. Hakuna aliyeyabomoa matuta yale na hakuna aliyeyatunza. Yakamomonyoka yenyewe.

Ramadhani alikuja shuleni amenuna. "Mwalimu, watu wa kule wavivu."

"Ramadhani, tangu ufike huku umeshamwona mwanamke wa milima hii amekaa bure?"

Akafikiri. Alikuwa kijana mkweli. "Sijamwona."

"Basi si uvivu. Tafuta jina lingine."

"Udongo hausomi historia, Mwalimu."

"Hausomi. Lakini wenye majembe wanaikumbuka. Nipe darasa langu likaulize, na wewe uje nasi. Filimbi iweke mfukoni na mdomo uufunge."

Tulianza nyumbani kwa Hadija, kwa bibi yake, Bibi Mwanaidi, ambaye shamba lake la zamani lilikuwa katikati kabisa ya ule mteremko. Tulimkuta uani anapukuchua maharage. "Shikamoo bibi," tukaamkia mmoja mmoja, naye akaitikia mmoja mmoja. Tukakaa chini tukaanza kupukuchua naye. Ramadhani aliniangalia kama mtu anayeuliza maharage yanahusiana nini na mmomonyoko. Nikamsogezea lundo lake. Tulizungumza habari za wagonjwa, za mvua, za harusi moja ya huko Mponde iliyokaribia kuvunjika. Ndipo Hadija akauliza.

"Bibi, zamani za mkoloni, yale matuta yalikuwaje?"

"Matuta?" Bibi akacheka, lakini hakuwa na furaha. "Nimechimba miye mpaka viganja vikaota sugu. Wanaume wako kwenye mkonge, tumebaki sie. Filimbi yalia kule juu, twatoka mbio. Shamba langu mwenyewe, mjukuu wangu, napigiwa filimbi niingie! Hakuna aliyebisha hodi. Hakuna aliyesema, Mwanaidi, twaomba. Wakanikatia na migomba yangu."

"Na kama wangebisha hodi?"

"Ningepika! Shamba la mtu halichimbwi hivi hivi. Yataka ngemo. Miye mwenye shamba ndiye napika, miye ndiye nakwenda nyumba kwa nyumba kuwaita, weye waja na jembe lako. Kesho waita weye, miye naja. Ndivyo tulivyolelewa."

Ramadhani alishindwa kuvumilia. "Lakini bibi, hili la sasa si la mkoloni. Ni letu sote."

"Letu sote, baba. Nakubali, na mkono niliunyoosha. Miye nayapenda haya mambo ya Uhuru." Akaacha maharage, akamtazama. "Sasa niambie. Kama ni letu sote, nani mwenye kualika?"

Ramadhani alibaki na ganda la maharage mkononi. Na mimi pia, kwa sababu jambo lilikuwa wazi mbele yetu. Kwemtindi hawakuyakataa matuta wala ujamaa. Walikuwa wanangoja kualikwa, na shamba lile halikuwa na mtu wa kuwaalika. Nilitamani kumkumbatia yule bibi na maharage yake.

Hatukuishia hapo, maana sharti la Shekiondo linataka na aliyeamuru asikike. Wanafunzi walimtafuta mzee aliyekuwa akipuliza filimbi ile enzi za mkoloni. Wengi walidhani atawafukuza. Alipoona vijana wamekaa wanamchambulia majani ya chai, alisema, "Sikuambiwa matuta ni ya nini. Niliambiwa urefu wake tu. Nilimwogopa mzungu kama wao walivyoniogopa." Kijana aliyetuletea maneno hayo aliyasimulia darasani taratibu. Walikuwa wamekwenda kumtafuta mtu mbaya wakakuta mtu. Hilo, wenzangu, ndilo somo letu lenyewe, na sijaona kitabu kinacholifundisha vizuri zaidi.

Tukaomba nafasi katika mkutano wa kijiji. Hadija alisimama mbele ya wazee waliomjua tangu anatambaa, akasimulia pande zote mbili, bila kumtaja mtu kwa jina na bila kumsema mtu vibaya. Mzee Singano alianza kutoka jasho.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "mnawafundisha watu kugoma?"

"Mwenyekiti, wamegoma tayari. Sisi tunauliza sababu."

Bibi Mwanaidi akasimama bila kuruhusiwa. "Alichosema mtoto ndicho. Sie si wakaidi. Hatujaalikwa."

Minong'ono ikazagaa. Mtu mmoja akasema kweli, mwingine akasema hata yeye alisikia uzito kuingia pale bila kuitwa. Nilimwona Mzee Singano akikunja uso, kisha ukakunjuka. Lazima niwaambie, alikuwa mtu mzima kwa maana zote. Aliinuka akasema kijiji kichague waalikaji, na waalikaji wawe akina mama waliokuwa na mashamba pale zamani, wapike kwa niaba ya kijiji kizima. Makofi yalipigwa. Ramadhani naye akasogea mbele, akamwamkia Bibi Mwanaidi mbele ya watu wote.

"Bibi, na mimi naomba nialikwe. Nitakuja na pimamaji yangu."

"Njoo, baba. Ila filimbi iache nyumbani, watoto watadhani kuna mpira."

Walicheka mpaka mkutano ukafungwa kwa kicheko.

Siku ya ngemo nilifika mapema, ukungu haujainuka. Nilisikia majembe kabla ya kuwaona wenye majembe. Walikuja kutoka kila njia, wanaume kwa wanawake, Waislamu na Wakristo, wakiimba, na vyungu vya ndizi na maharage vilikuwa vinachemka pembeni. Ramadhani alisogeza ile pimamaji yake hatua kwa hatua, jiwe likitulia katikati anaweka alama, na wazee waliokuwa wakimkwepa sasa waligombea kuishika. Bibi Mwanaidi alizunguka na upawa akiwaamuru wote, bwana shamba akiwamo. Mara moja tu Ramadhani alijisahau akatia mkono mfukoni kutafuta filimbi. Hakuikuta. Watu walikuwa wamekwisha fika.

Masika yakaja, na yalikuja kwa nguvu. Ilinyesha mpaka barabara ya Mombo ikafungwa. Kila asubuhi Hadija aliniletea habari za kwao. "Matuta yamekaa, Mwalimu." Kesho yake tena, "Yamekaa." Palipobomoka kidogo watu walikwenda kupaziba wenyewe, hata hakuna aliyewatuma, maana sasa ilikuwa kazi ya ngemo yao. Mvua ilipokoma, mahindi ya Kwemtindi yalikuwa yamesimama mteremkoni, safu kwa safu, na maji ya kijito chini yake yalipita meupe.

Mkaguzi alirudi kama alivyoahidi. Gari lake lilinasa matopeni bondeni, akapanda kwa miguu, na unadhifu wake wote uliishia njiani. Tulimpeleka moja kwa moja shambani. Alisimama muda mrefu akitazama, kisha akamuuliza mwenyekiti nani aliyewashawishi watu.

"Hakuna, mheshimiwa," akasema Mzee Singano. "Tuliwaamuru, hawakuja. Darasa la historia likaenda kuwauliza."

"Kuwauliza nini?"

"Yaliyowapata zamani."

Mkaguzi akanigeukia. "Kwa hiyo unataka kuniambia historia ndiyo iliyochimba matuta haya?"

Kabla sijafungua mdomo, Bibi Mwanaidi alishajibu. "Hapana, baba. Matuta tumechimba sie. Hawa ndio waliobisha hodi."

Yule mtu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akacheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri kuliko nilivyotegemea. Palepale, mbele ya wanafunzi wangu na kijiji kizima, alisema mchepuo hautafungwa, na kwamba atawaleta walimu wa kilimo wa shule nyingine waje kukaa kwenye kona yangu wajifunze kuuliza. Wanafunzi walipiga kelele mpaka ndege wakaruka. Hadija alinishika mkono akalia, na mimi nikalia, na sioni haya kuliandika. Tulikuwa tumeshinda.

"Tatizo moja," akasema mkaguzi. "Hao walimu watakaa wapi? Chumba sina cha kuwapa."

Bibi Mwanaidi akanitazama kama mtu anayemtazama mwanafunzi mzito. "Si utualike?"

Basi nikaalika. Nilizunguka na Hadija nyumba kwa nyumba, nikibisha hodi, salamu ndefu kila mlango. Siku yenyewe nilipika mwenyewe, kwa kuwa mwenye kualika ndiye anayepika, na wanaonijua wanajua jinsi mapishi yangu yalivyo. Nikasimama kando ya masufuria, pale juu ya bustani ya kabichi, nikitazama ukungu. Sikumwona mtu. Nikajiambia wamelipa fadhila yao kwa kunisifu, wana mashamba yao, na mimi ni mwalimu tu. Ndipo nikasikia majembe.

Ramadhani alitangulia na pimamaji yake, akisema msingi wa mlimani hauchimbwi kwa macho. Nyuma yake kilikuja kijiji, na mawe, na miti, na mafundi wa matofali. Mwalimu Shekiondo alitoka Lukozi na mkongojo wake, kofia safi, akakaa kwenye ubao wa kwanza uliopatikana, akainamisha kichwa, na wanafunzi wakamzunguka. Adhuhuri Bibi Mwanaidi alionja chakula changu, akatafuna taratibu, akasema kwa sauti wasikie wote, "Mwalimu, historia waijua." Walikula chote hata hivyo.

Ubao ule aliokalia Shekiondo ndio uliotengenezwa benchi. Ni la wageni, la yeyote anayekuja kusimulia yaliyompata, awe aliyeamuru au aliyeamriwa, na ndiyo maana mwanafunzi halikalii. Hadija amelikalia mara nyingi siku hizi, akija kutoka kwenye shule anayoiongoza. Funguo za chumba mnazo. Mtu akija tena kuwauliza somo lenu lina faida gani, msibishane naye. Mkaribisheni ndani, mumkalishe kwenye benchi lile, kisha mwambieni ni nani waliokijenga chumba kile na ni nani aliyewaalika.